Hundi ya Robo Saa

Mara moja kwa mwaka Hiltrud Rempfer alikuwa tajiri kwa muda wa robo saa hivi. Ilitegemea sala ya Shangazi Rosine ilikuwa ndefu kiasi gani.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Serikali kule mji mkuu, Bonn, kwa hekima yake, ilitoza kodi kubwa faida iliyobaki ndani ya kampuni, na kodi ndogo faida iliyogawiwa wenye hisa. Watu wa sehemu nyingine wangesikia hivyo wakagawana, wakanunua magari. Lakini kijijini Unterhalden, juu kwenye milima ya Alb, watu hawakuzaliwa kutumia pesa. Walizaliwa kuzirudisha kazini. Basi marehemu mzee Rempfer, baba yake Hiltrud, akapata njia yake. Jumamosi ya pili ya Aprili wenye hisa wote wanne walikaa kwenye kantini ya kiwanda, kila mmoja akapewa hundi yake ndani ya bahasha, hundi halali yenye sahihi na muhuri. Ikafuata sala. Kisha kila mmoja, kuanzia mdogo, akainuka, akazunguka meza, akairudisha hundi ile ile mkononi mwa aliyeitoa, na kutia sahihi kwamba ameirudisha kwa hiari yake. Hapo ndipo dengu za chakula cha mchana zilipopakuliwa. Machoni pa serikali faida ilikuwa imegawiwa, machoni pa kampuni ilikuwa haijatoka mlangoni, na hakuna mtu aliyepata dhambi ya kuishika pesa kwa muda mrefu.

Wanasema haba na haba hujaza kibaba. Akina Rempfer walikijaza kibaba, wakanunua kibaba kikubwa zaidi, nacho wakakijaza, na tangu vita viishe hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuonja punje.

Kiwanda kilitengeneza sindano za mashine za kufuma, zile ndogo zenye ulimi unaofunguka na kufunga. Hiltrud alisimamia chumba cha kufungashia, yeye na wanawake kumi na mmoja. Alikuwa na miaka arobaini na saba na hisa kumi na nane katika kila mia. Kwenye makaratasi alikuwa milionea. Kwenye kabati alikuwa na makoti mawili, la kazi na la kanisani. Aliishi katika chumba alichozaliwa, ghorofa ya juu ya nyumba ya wazazi, na mshahara wake ulikuwa mshahara wa ndugu, maana yake ulikuwa mdogo kuliko wa mtu baki. Kuuza hisa hakuruhusiwa. Mzee aliandika kwamba hisa haziendi nje ya damu, na damu yenyewe, yaani kaka yake Gotthilf, binamu yao Eugen na Shangazi Rosine, haikuwa na pesa za kununua, kwa sababu pesa zao nazo zilikuwa ndani ya mashine. Kila kampuni ilipofanya vizuri, hisa zake zilipanda bei, na kila zilipopanda bei ndivyo alivyozidi kukosa wa kumuuzia. Aliwahi kuyawaza hayo kwa utulivu siku moja akiwa anafagia ngazi, akalazimika kukaa chini, ufagio mkononi.

Mara ishirini na mbili alikuwa ameizunguka meza ile. Mara ya ishirini na tatu, Aprili ya mwaka themanini na nne, alikuwa ameshakata shauri kwamba hazunguki.

Sababu iliitwa Walburga. Walikutana majira ya joto yaliyopita, Hiltrud alipopelekwa na daktari wiki tatu kwenye matibabu ya mgongo karibu na ziwa la Konstanz. Walburga alikuwa mjane mwenye sauti kubwa, mkulima wa matango na nyanya kwenye kisiwa cha Reichenau, ndani ya mabanda ya vioo yasiyokuwa yake. Hiltrud aliingia humo siku moja kununua nyanya nne, akatoka jioni ana udongo hadi kwenye viwiko. Alimpenda, sijui nimwelezee msomaji vipi zaidi ya hapo, na mwenyewe hakuwa amejieleza zaidi ya hapo. Sasa mwenye mabanda alikuwa amezeeka na anauza. Walburga alikuwa na nusu ya bei. Nusu ya pili ilitakiwa kwa wakili Jumatatu, kabla ya saa sita mchana, la sivyo mabanda yanachukuliwa na mtu wa hoteli.

"Wewe si una kiwanda?" Walburga alimwuliza kwenye simu.

"Ninacho."

"Sasa mbona unaongea kama mtu anayeomba nauli?"

Hiltrud alijua jambo moja ambalo watu wote wanne walilijua na hakuna aliyelitamka: hundi ile ilikuwa halali. Ingeweza kupelekwa benki yoyote nchini. Hakuna sheria iliyosema irudi. Ilirudi kwa sababu ilikuwa inarudi.

Jumamosi ile alivaa koti la kanisani. Ndani ya mkoba aliweka tikiti ya treni, nguo za ndani, na kipande cha mkate.

Kantini ilinukia siki na soseji. Gotthilf alikaa mwisho wa meza na sweta lake lenye viraka viwili viwikoni, yeye mwenye nusu nzima ya kampuni. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na uso wa mtu anayesikiliza mashine hata akiwa kanisani. Alisoma taarifa ya mwaka kwa dakika nne. Mwaka ulikuwa mzuri. Alilisema neno "mzuri" kama mtu anayeungama.

Akagawa bahasha.

"Ishikeni kwa ncha za vidole, jamani," alisema Eugen, mwalimu wa hisabati, ambaye kila mwaka alikuwa na utani mmoja. "Msije mkaizoea."

"Wewe ulizoea nini zaidi ya chaki?" alimjibu Shangazi Rosine. Alikuwa dada wa marehemu baba yao, miaka themanini na moja, mkavu na mwepesi, na masikio yake yalisikia alichotaka tu. "Haya, tuombe. Na wewe Eugen, funga macho vizuri, nakuona."

Sala ilikuwa ndefu. Shangazi alishukuru kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya mkate, kwa ajili ya waliotangulia, kwa ajili ya waya wa chuma kutoka viwanda vya Ruhr. Hiltrud aliifungua bahasha chini ya meza na kuipapasa karatasi. Marki elfu sitini na moja na mia nne. Akaitia mkobani taratibu.

"Amina," walisema wote.

"Mdogo kwanza," alisema Gotthilf, akafungua kalamu.

Hiltrud aliinuka. Kushoto kulikuwa na kaka yake na karatasi ya kutia sahihi. Akageukia kulia, akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni.

"Hiltrud," alisema Eugen, "choo kiko upande wa pili."

"Siendi chooni."

Alisikia viti vikikwaruza sakafu nyuma yake. Alifungua mlango, akaufunga taratibu kama alivyofundishwa utotoni, akaanza kushuka ngazi. Ndani ya kifua alisikia furaha isiyo na aibu, ile ya mtoto aliyetoroka shule. Ngazi zilikuwa ishirini na sita. Alifika ya kumi na tisa.

"Ngoja, dada," alisema Gotthilf kutoka juu.

"Usinizuie."

"Sikuzuii. Nataka uone kitu, dakika mbili tu. Baadaye nenda."

Angeendelea kushuka. Mimi ningeendelea. Lakini alikuwa ameitwa na sauti ile maisha yake yote, na miguu ilisimama kabla hajaishauri.

Walishuka pamoja hadi chini, wakapita mlango wa chuma wakaingia kwenye ukumbi wa mashine. Siku za Jumamosi palikuwa kimya na nusu giza. Gotthilf aliwasha taa moja, si zote. Katikati, mahali palipokuwa na mashine mbili za zamani za kuchonga ndimi za sindano, palikuwa na kitu kikubwa kama gari la nyasi, kimefunikwa plastiki.

"Imetoka Uswisi," alisema. "Inafanya kazi ya mashine sita."

"Umeinunua lini?"

"Februari."

"Kwa pesa gani?"

Gotthilf aliuelekezea mkoba wa dada yake kidevu. "Kwa hizo."

Hiltrud alimtazama. Mwanzoni hakuelewa, halafu akaelewa yote kwa mkupuo. "Leo ni Aprili, Gotthilf. Hundi umenipa leo."

"Najua."

"Ulinunua kwa pesa ambazo ulikuwa hujanipa, ambazo nilikuwa sijakurudishia."

"Ulirudisha miaka ishirini na mbili."

"Kopa benki, basi! Watu wote duniani wanakopa benki."

"Siku tutakayokopa benki, siku hiyo kiwanda si chetu." Alilisema bila kufikiri, kama anavyosema mtu siku za wiki.

"Kwa hiyo hundi hii ni karatasi tu."

"Hapana. Ni halali." Alipangusa plastiki ya mashine kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Ukiipeleka, benki itakulipa. Kwenye akaunti kuna pesa. Ni mishahara ya tarehe thelathini, watu sitini na tatu. Wateja wetu wakubwa hawalipi kabla ya Juni. Sitakudanganya, dada, na sitakushika mkono. Mlango ule pale."

Bora angempigia kelele. Hiltrud alikuwa amejiandaa kwa kelele tangu majira ya joto. Alikuwa na majibu yake yote, yamepangwa. Hakuwa na jibu la tarehe thelathini. Akilini alimwona Bi Sessler wa meza ya tatu, ambaye mumewe alikuwa amelala kitandani tangu ajali ya msituni. Alimwona Slobodan wa kwenye tanuri, aliyemtumia mama yake pesa Yugoslavia kila mwezi na kumwonyesha kila mtu risiti. Aliwaona wale kumi na mmoja wake, mmoja mmoja, na alijua ukubwa wa viatu vya watoto wao.

"Mwaka hamsini na tisa," Gotthilf alisema, bado anaiangalia mashine, "nilifika nayo mpaka stesheni ya Tübingen."

"Nini?"

"Hundi yangu. Kulikuwa na msichana Hamburg. Baba hakunifuata. Alimtuma fundi mkuu aje na orodha ya mishahara. Hakuniambia neno, alinipa tu nisome majina. Baba alikuwa keshanunua tanuri."

Hiltrud alikuwa hajawahi kusikia habari za msichana wala za Hamburg. Alimjua kaka yake kama mtu asiyetaka kitu. Kwa muda alimhurumia, akataka kumshika bega lile lenye sweta kuukuu. Halafu hasira ikampanda, hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa mtu yeyote.

"Kwa hiyo ulijua linavyouma."

"Nilijua."

"Ulijua, na bado Februari ukanunua."

"Mashine za zamani zimechoka, Hiltrud."

"Mimi je?"

Gotthilf hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likimnyonga dada yake: hapakuwa na mtu mbaya wa kumtemea mate. Alitoa saa mfukoni, akaitazama bila kuisoma. Kisha akaelekea kwenye ngazi. Alipopita kwenye swichi akazima taa, kwa mazoea tu, Hiltrud akiwa bado amesimama ndani.

Alibaki pale na mkoba. Mlango wa kutokea uani ulikuwa hatua thelathini mbele yake na mwanga uliingia kwa chini. Treni ilikuwa saa nane kasoro kumi. Alijaribu kuwaza juu ya udongo wa mabanda, harufu ya majani ya nyanya, Walburga akiimba vibaya. Vyote vilikuja, lakini kila kimoja kilikuja na jina la mtu na tarehe. Aliwaza: na nikisema basi wakose, mara moja tu, mwezi mmoja tu? Akajiona akiwa kwenye banda la kioo lililonunuliwa kwa mshahara wa Bi Sessler, akijaribu kula tango. Alilia kidogo, bila sauti, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akapanda ngazi, na safari hii alizisikia zote ishirini na sita.

Gotthilf alikuwa bado nje ya kantini, mkono kwenye kitasa, hajaingia. Kutoka ndani sauti ya Eugen ilisikika ikibembeleza.

Hiltrud alipofungua mlango alimkuta Eugen amesimama katikati ya chumba, bila utani wowote usoni. Shangazi Rosine alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, koti amevaa, mikono miwili imekandamiza kifua cha gauni. Mezani mbele yake hapakuwa na bahasha.

"Afadhali umerudi," alisema Eugen. "Zungumza naye. Amekataa."

"Amekataa nini?"

"Asiseme nami mtu," alisema Shangazi. "Nimesema nilichosema. Mimi pia sirudishi."

Gotthilf aliingia nyuma ya dada yake, akasimama karibu na ukuta.

"Nina miaka themanini na moja," Shangazi alisema, na alimsemesha Hiltrud peke yake, macho yakimng'aa. "Nyumba yangu ina vyumba sita na jiko la kuni moja. Nimehesabu, mwanangu: nusu ya maisha yangu nimelala na soksi. Nataka mabomba ya joto kila chumba. Nataka niamke usiku niende msalani bila kuvaa koti kama mtu anayekwenda sokoni. Ni mengi hayo?"

"Nitakuletea kuni, Shangazi," alisema Eugen. "Gari zima."

"Kuni zako kaote mwenyewe." Hakumgeukia. "Nilikuwa najua siku zote kwamba ni halali. Mimi si mjinga. Ila sikujua kama mtu anaweza tu kusimama akaenda. Baba yako angekuwa hai ningeogopa hata kuwaza. Leo nimekuona wewe, na koti lako zuri. Nikasema, Rosine, na wewe inuka."

Dengu zilikuwa zinapoa kwenye sufuria. Hiltrud alimgeukia kaka yake, akangoja aseme: mashine, Februari, tarehe thelathini. Gotthilf alimtazama tu. Alitulia kama mtu aliyeweka mzigo chini na kumwona mwingine akiinama kuuokota. Eugen alikuwa hajui lolote. Aliyejua na ambaye Shangazi angemsikiliza alikuwa mmoja, Hiltrud.

Angeweza kunyamaza. Alisimama na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kusimulia. Mwishowe akaweka mkoba chini, akavuta kiti, akakaa mbele ya kizee, akaishika mikono yake. Ilikuwa baridi.

"Shangazi. Mashine imeshanunuliwa."

"Mashine gani?"

"Ya mwaka huu. Iko chini. Imenunuliwa kwa hundi zetu."

"Hundi yangu iko hapa." Alijigonga kifuani.

"Pesa iliyoko benki ni mishahara. Ukichukua, tarehe thelathini watu hawalipwi."

Shangazi alikunja uso. "Hata Bi Sessler?"

"Hata Bi Sessler."

"Wachukue kidogo kwenye mshahara wa kila mmoja, basi. Hawataona."

"Wataona, Shangazi."

Midomo ya kizee ilikuwa ikitembea kana kwamba anaomba, lakini haikuwa sala.

"Mwaka ujao," alisema Hiltrud. Alilisikia neno likimtoka, laini, la kubembeleza, na lilikuwa neno la Gotthilf, na kabla yake la baba. "Mwaka ujao tutatafuta njia."

"Mwaka ujao nitakuwa na themanini na mbili."

"Najua."

"Ulikuwa umetoka," alisema Shangazi Rosine. Hakukuwa na lawama katika sauti yake, mshangao tu. "Nilikuona kwa macho yangu. Nikadhani mlango umefunguka."

Aliingiza vidole ndani ya gauni, akaitoa bahasha, imekunjamana na ina joto la mwili. Hakumpa Gotthilf. Alimpa Hiltrud, kisha akaanza kufungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kutoka juu.

Hiltrud aliinuka. Alizunguka meza akiwa na hundi mbili, yake na ya Shangazi, akaziweka mbele ya kaka yake aliyekuwa amesharudi kwenye kiti chake. Gotthilf alizilaza moja juu ya nyingine, akazinyoosha kwa kiganja. Kalamu ilikuwa wazi tayari.

"Hapa," alisema kwa upole, akimwonyesha mstari. "Na hapa chini, kwa ajili ya Shangazi. Kwamba wewe ni shahidi, na amerudisha kwa hiari yake."

Hiltrud alitia sahihi pa kwanza, kisha pa pili.